Simu Mkononi, Mgonjwa Njiani

Sisi wanawake wa Malindi tumezoea kuiona simu kuwa ni chombo cha salamu, cha kutumiana fedha na, tuseme kweli, cha umbea pia. Ni nadra kuifikiria kuwa ni sehemu ya tiba. Lakini mzazi akianza kutokwa na damu saa nane za usiku huko Marafa, ng'ambo ya mto Sabaki, kitu cha kwanza anachokihitaji hakimo katika kabati la zahanati. Ni mtu wa kupokea simu, anayejua gari liko wapi na hospitali ipi iko tayari.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuwa wazazi hupotea kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Jambo hili lilipotajwa katika darsa letu la akina mama, hakuna aliyeomba ufafanuzi. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wa kumkumbuka.

Sisi tulimkumbuka jirani yetu wa Shela. Gari la wagonjwa la hospitali moja, ambayo hatutaitaja, lilikuwepo lakini halikuwa na mafuta. Tukachangishana kwa M-Pesa usiku ule ule. Gari likaja, likapotea mitaani, kwa kuwa dereva alielekezwa "nyuma ya msikiti, penye mkwaju", na upande ule misikiti haikosi na mikwaju haikosi. Mama alipona, alhamdulillah. Mtoto hakujaaliwa kuishi.

Wenzetu wa Tanzania wamelitafutia jambo hili njia, nayo inaitwa m-mama. Ilianzia kanda ya Ziwa, upande wa Sengerema, na mwezi wa Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, binti wa Makunduchi, akaizindua kwa taifa zima. Mhudumu wa zahanati au mtu wa nyumbani hupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea huuliza maswali yaliyopangwa katika programu, hupima uzito wa hali, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa kijijini mwenye gari lake, aliyekwisha kusajiliwa. Hospitali huambiwa mapema nani anakuja na ana nini. Mgonjwa akishapokewa, dereva hulipwa nauli yake kwa simu. Hapo ndipo penye busara ya mpango wote: familia haiulizwi fedha mlangoni, wala dereva hana sababu ya kusitasita.

Hapa kwetu M-Pesa ipo tangu Machi 2007, na vijana wa tuktuk na bodaboda wako kila kona. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Jedwali la Nne limeziweka huduma za magari ya wagonjwa mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo tunapouliza habari ya mafuta ya gari hatuombi fadhila. Na tuulize, katika mikutano ya kaunti ya bajeti, si barazani tu.

Hata hivyo kuna kuchelewa ambako hakuna kaunti itakayotuondolea. Mavyaa hathubutu kumtoa mkazamwana nyumbani mpaka mwanawe ajibu simu, na mwanawe yuko kazini Doha, simu imezimwa. Saa moja inapita, ya pili inapita, na damu haingoji ruhusa. Sisi tunaona ruhusa hiyo itolewe mapema, mimba ikiwa ya miezi saba, mbele ya wazee wa pande mbili, imalizike. Mume mwenye kumpenda mkewe hatakasirika kuombwa hivyo.

Liko pia suala la sitara, ambalo wageni hulidharau. Mama huona haya kubebwa na kijana asiyemjua, na humwogopa zaidi yule jirani anayepiga picha na kuisambaza WhatsApp kabla gari halijafika. Simu ile ile ingeweza kutuma mahali nyumba ilipo, na dereva asingeuliza mkwaju. Katika kundi letu tumekubaliana kuwa picha ya mgonjwa haitumwi, na kwamba kila mja mzito ana wanawake wawili waliojitolea kupanda naye gari, usiku au mchana. Namba zao zimeandikwa nyuma ya daftari lake la kliniki, pamoja na kundi la damu yake na namba za madereva wawili ambao wakeze tunawafahamu. Nauli huwekwa kando kutoka mchango wa kila Ijumaa, na mweka hazina ni mwanamke asiyezima simu usiku.

Kinachotusumbua bado ni dada zetu wa Ganze na Baricho, ambako mtandao hukatika na dereva wa karibu yuko mbali. Anayewajua wakunga na wenye magari wa huko tunamwomba atuletee namba zao kwenye darsa la Ijumaa ijayo, baada ya Alasiri.