Kipupwe Isikizya

Kipupwe ni neno ambalo siku hizi nalisoma zaidi kuliko ninavyolisikia. Kamusi hulieleza kuwa ni majira ya baridi yafuatayo masika, takriban Juni hadi Agosti, na wanafunzi hulikariri pamoja na masika, kiangazi na vuli, kisha huliacha darasani. Mtu wa kawaida husema "msimu wa baridi" akaeleweka. Mfasiri naye, akikutana na baridi ya Ulaya, huandika "majira ya baridi", na simlaumu, kwa kuwa kipupwe chetu hakina theluji. Hata hivyo naliona neno likituponyoka, na linaponyoka pamoja na jambo lenyewe: kwamba sisi wa bara tuna baridi yetu, na kwamba tunaifurahia.

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, iko kaskazini ya mji wa Tabora, katika nchi tambarare ya miyombo iliyo juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua zikishakoma, upepo wa kusini-mashariki hushika zamu. Ni ule ule ambao watu wa pwani huuita kusi na ambao mababaharia waliungoja ili warudi Uarabuni na Bara Hindi. Kwetu hausukumi jahazi. Hukausha majani, hupasua midomo, na alfajiri za Julai hushusha joto hadi nyuzi 15 au pungufu. Msomaji wa Makete au Njombe, anayeamka akikuta sakitu juu ya mboga zake, atacheka. Na acheke, baridi hupimwa kwa nguo aliyonayo mtu.

Jambo hilo wapagazi wa Kinyamwezi walilijua vyema. Walikuwa wakulima, na wengi walingoja mavuno yaishe ndipo washuke pwani na pembe za ndovu, hata safari zao zikaangukia miezi mikavu. Ukisoma masimulizi ya njia ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ya akina Burton na Speke waliofika Kazeh mwaka 1857, au ya Stanley na Livingstone waliokaa pamoja Kwihara mwaka 1872, waweza kudhani njia yote ilikuwa jua, kiu na homa. Lakini mtu aliyelala Ugogo mwezi wa Julai ndani ya boma la miiba, amejifunika shuka moja ya merikani au kaniki, aliujua moto kuliko alivyolijua jua.

Moto ndio kiini cha kipupwe nyumbani kwetu. Wasukuma, jirani zetu, huuita shikome ule moto wa jioni ambao wazee huuzunguka na vijana wakafundwa. Wa kwetu si wa mafundisho tena. Ni magogo mawili ya muyombo mbele ya jiko la nje, karanga kwenye bati, matobolwa ndani ya ungo, na Mama ameketi juu ya kigoda akifuma sweta. Wasioyajua matobolwa niwaambie kuwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani. Vilivyokatwa vibichi vikaanikwa ni michembe. Anayevichanganya majina hayo mbele ya Mama huonekana hakulelewa.

Mbwa wake wawili hulala kando ya moto huo, na usiku ukishakua huhamia majivuni kabisa, hivyo kila asubuhi huamka wakiwa na rangi ya kijivu. Mmoja anaitwa Kesho. Wa pili anaitwa Hayakuhusu. Kwetu jina la mbwa laweza kuwa barua: unamwita mbwa wako kwa sauti kubwa, na jirani husika anaisoma. Barua hii iliandikwa kwa mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, mbwa alipokuwa bado mtoto. Ugomvi ulikwisha, yule mama akafariki, Mama akamlilia siku tatu, na jina likabaki. (Lugha yetu, kwa kweli, haijamtendea mbwa haki. Tumempa matusi na methali za kumsimanga, ilhali ndiye aliyelinda karanga shambani na kufuatana na mrina asali porini.)

Julai ya mwaka huu alikuja mdogo wangu anayeishi Lillehammer, nchini Norwe, pamoja na mke wake na binti yao wa miaka 11. Mji huo ulikuwa mwenyeji wa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1994, na watoto wake hukua miguu ikiwa juu ya theluji. Binti huyu alikuja mara ya mwisho akiwa na miaka mitano. Tangu hapo yeye na bibi yake wamekuwa watu wa simu, na Kiswahili chake kikawa Kiswahili cha simu: shikamoo, nzuri, ndiyo, asante, kwaheri. Mama ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ameahirisha upasuaji mara mbili, na picha tunazomwonyesha kwenye kioo cha simu huzisifu kwa adabu tu. Nilihofu kwamba wawili hawa wangeketi pamoja wiki tatu, mmoja haoni na mwingine hasemi, kisha waagane kwa heshima. Nauli ya watu watatu kutoka Norwe si ya kila mwaka, na Mama amepita miaka 80.

Jioni ya kwanza walianza na mbwa.

"Bibi, mimi nina mbwa. Analala kitandani."

"Kitanda chake?"

"Changu."

Mama alinyamaza kidogo. "Basi huko kwenu baridi ni kali kweli," akasema.

Kutoka hapo mazungumzo yakageukia theluji, nami nikajua tumefika penye shida. Kiswahili kina maneno mawili ya kitu hicho na yote tumeazima. Theluji ni ya Kiarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na kwa Waajemi neno hilo humaanisha theluji yenyewe. Lilipovuka bahari kuja kwetu lilipoteza unga wake likabaki jiwe, lile la sharubati na la kuhifadhia samaki. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro, mwongozaji wake alikiita kitu kile cheupe kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alielewa. Aliyekataa kuelewa ni mwanajiografia Cooley, aliyekuwa London, na aliyeshikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Wachaga wenyewe hawakuwa na haja ya kubishana na yeyote, kwani walikuwa na Kibo.

Mama hakuwahi kufika Kilimanjaro. "Hiyo theluji ikoje, mjukuu wangu?" aliuliza.

Binti alimtazama baba yake, akaona hasaidiwi. Akachota majivu yaliyokwisha kupoa ukingoni mwa moto, akayamimina katika kiganja cha bibi yake.

"Hivi. Lakini baridi. Na nyeupe."

Mama aliyasugua kwa kidole gumba, taratibu. "Ukiikanyaga?"

"Inalia."

Sijui kama mshairi yeyote wa Kiswahili amewahi kuandika kwamba theluji hulia. Mdogo wangu alithibitisha: baridi ikizidi sana, theluji hutoa mlio chini ya kiatu. Mama alikuwa akiendelea kuyasugua majivu.

Kisha ikaja zamu ya mchezo wenyewe. Mdogo wangu alieleza kwamba mtu hufunga mbao mbili nyembamba na ndefu miguuni, akashika fimbo mbili, akateleza mlimani. Akaongeza kwamba jina la mbao hizo, ski, katika Kinorwe cha kale lilikuwa jina la kipande cha mti kilichopasuliwa kutoka kwenye gogo, na kwamba mpaka leo Wanorwe hutumia neno la ukoo huo kwa kipande cha kuni. Mama alicheka hata Kesho akainua kichwa. "Kwa hiyo mnafunga kuni miguuni!" Lakini neno kuteleza alilikataa. Anayeteleza, alisema, hakukusudia. Aliyepanda juu makusudi ili ashuke hatelezi, anaserereka.

Nimeishi na neno hilo kwenye kamusi kwa miaka mingi bila kulifanyia kazi. Vitabu na magazeti huandika "mchezo wa kuteleza kwenye theluji", maneno matano yenye harufu ya ajali. Kuserereka ni neno moja, lina mwendo ndani yake, na silabi zake zenyewe zinashuka. Mama hakulitoa kitabuni. Utotoni mwake walikuwa wakiserereka kwenye vichuguu.

Isikizya haina milima, lakini ina vichuguu virefu kumpita mtu mzima. Kesho yake Mama aliagiza liletwe gome kuukuu la mzinga wa nyuki, lile lililobanduliwa kwenye mti kwa mviringo wake, na wajukuu wote wakaenda nalo nyuma ya shamba la mihogo. Kijana mmoja alimwaga maji kidogo juu ya udongo, jambo ambalo kwa Julai ni ubadhirifu, nami nikajifanya sikuona. Walikaa juu ya gome wawili wawili. Hayakuhusu aliwafuata akibweka kila waliposhuka, kana kwamba ndiye mwamuzi. Binti wa Lillehammer alianguka mara nyingi kuliko wote, kwa kuwa alitaka kushuka amesimama. Jioni alimweleza bibi yake, kwa Kiswahili ambacho asubuhi hakuwa nacho, nani alisererekaje na nani alianguka wapi. Ngeli zilimshinda, vitenzi havikumshinda.

Akatusimulia pia habari aliyoisikia kwa baba yake, ya Mkenya Philip Boit aliyeshiriki mbio za kilomita 10 za theluji huko Nagano mwaka 1998. Boit alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alibaki penye mstari kumsubiri amkumbatie. Mama aliuliza swali moja tu: alisubiri akiwa amevaa nini?

Huo ndio mlango wa sweta. Mama hufuma tangu nikiwa mdogo, sweta za shule hasa, na vidole vyake havihitaji macho. Kufuma ni kitenzi chenye makali mawili katika Kiswahili: hufumwa uzi na hufumwa mnyama kwa mshale. Marehemu Baba alikuwa mwindaji, na Mama hupenda kusema kwamba nyumba hii ilisimama kwa kufuma, mmoja nje na mmoja ndani. Alimketisha mjukuu wake kando yake na kumshikisha sindano. Vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mpaka mwisho wa mstari, kisha ugeuze. Walihesabu kwa sauti, kwa Kinyamwezi, maana Mama hajui kuhesabu vitanzi kwa lugha nyingine, na mtoto akawa anajua kuhesabu kwa Kinyamwezi kabla ya kufika ishirini kwa Kiswahili. Kitanzi kimoja kikipotea, mstari mzima hupinda, na Mama hukigundua kwa kupitisha kidole kama mtunzi wa zamani agunduaye mizani iliyopungua kwa sikio, bila kuhesabu. Hakuna fumua iliyomuudhi. Alifumua mistari tisa siku moja, akampa mtoto uzi aukunje upya.

"Baba Mkubwa," binti aliniuliza usiku mmoja, "kipupwe kinaisha lini?" Nilimjibu kwamba kinaisha Agosti. Alihesabu siku kwa Kinyamwezi, midomo ikicheza, akakuta wao watatangulia kuondoka.

Waliondoka na michembe, chupa tano za asali zilizofungwa ndani ya suruali za mdogo wangu, na kipande cha sweta alichokifuma mtoto mwenyewe, chenye upana wa mkono na kisicho na matumizi. Sweta lenyewe halikuwa tayari. Mama alimpima mkono kwa shubiri siku ya mwisho, akaongeza shubiri nzima, kwa kuwa atakua, na kwa kuwa hajui ni lini atampima tena. Hili la pili alilisema kwa sauti ile ile ya la kwanza.

Sasa wanaongea kila Jumapili. Simu ni ndefu, nami hufukuzwa. Wiki mbili zilizopita nilimsikia Mama akiuliza kama huko majani yameanza kuanguka, kisha akaorodhesha mbwa, mmoja mmoja, na wa kule akiwamo.

Sweta limebakiza mkono wa kushoto, na uzi wa buluu ulikwisha. Juzi nilishuka Tabora mjini kuutafuta. Duka lile lina buluu nyingine tu, iliyokoza zaidi. Mama ameugusa, akauvuta, akauliza kama tofauti itaonekana. Nimemwambia itaonekana. Ameanza kufuma.