Kwa Miguu Hadi Rusumo

Mzaliwa wa Ushetu huisikia barabara ya Rusumo kabla hajaiona. Malori hunguruma Kahama usiku na mchana, yakishika njia ya Ushirombo, Nyakanazi na Lusahunga kuelekea Rwanda. Babu zetu, Wasumbwa na Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Pwani. Sisi wajukuu tumezoea kiti cha basi. Ndiyo sababu niliazimia kushukia Benaco, wilayani Ngara, na kuimalizia njia kwa miguu.

Tulianza alfajiri, mimi na mwenyeji wangu, mzee wa miaka sabini hivi, mwenye fimbo na maneno machache. Njia hupanda vilima na kushuka, kisha hupanda tena. Kabla ya adhuhuri viatu vyangu vya mjini vilikuwa vimekwisha niaibisha. Mzee alivaa katambuga, wala hakusimama ila kwa ajili yangu.

Sauti ya maji hutangulia. Aliyesikia sifa za Kalambo, yenye zaidi ya mita 200, asitegemee urefu hapa: Rusumo ni mita 15 hivi tu. Lakini Ruvubu na Nyabarongo zimekwisha kutana na kuizaa Kagera, na maji yote hayo hubanwa kwenye mwamba, yakatoka kwa hasira.

Darajani ndipo mzee aliposema. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mto huu ulileta maiti. Zilipita maporomokoni zikaendelea hadi Ziwa Victoria. Kisha tarehe 28 na 29 za mwezi huo, watu wapatao 250,000 walivuka hapa kwa muda wa saa 24 hivi, wakiwa na magodoro, sufuria na watoto mgongoni. Wapo waliokimbia vita, na wapo waliokimbia matendo yao wenyewe. Walikwenda Benaco, kwa njia ile ile niliyokuwa nikiilalamikia tangu asubuhi. Desemba 1996 wengi wao walirudishwa kwao kupitia hapa hapa. Mzee alieleza hayo akiyatazama maji, si mimi.

Siku hizi kuna daraja jipya, lililojengwa kwa msaada wa Japani, na sehemu ya maji huzungusha mitambo ya megawati 80, umeme unaogawanywa sawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Madereva wa malori walikuwa wakinywa chai wakisubiri karatasi zao.

Tulirudi kwa gari dogo la abiria. Mwendo wa kutwa nzima uliisha kabla sijamaliza soda yangu. Mzee alishukia njiani, akaichomeka fimbo kwapani, akashika kijia cha nyumbani kwake.