Nyumba Kule Bruxelles: Jina Lako kwa Mulango

Kama ulikomalia katika kambi ya kampuni, kwa Likasi, kwa Kipushi ao kwa Kolwezi, labda haujaona hata siku moja baba yako akitafuta nyumba. Nyumba ilikuja pamoja na kazi. Union Minière ilijenga kambi za wafanyakazi na jamaa zao, Gécamines ikafuata desturi ile, na matrikile ya baba ilitosha kufungua mulango. Leo hata watoto wa kambi wanajua bayeri ni nani na garanti ni nini. Lakini kijana anayepata viza ya kusoma Ubelgiji anaenda na mafikiri ya zamani ndani ya valizi: nyumba itapatikana tu, kule kuna yaya, kule kuna Matonge.

Tuanze na Matonge. Ni mutaa wa komini ya Ixelles, karibu na Porte de Namur, na jina lake lilitoka kwa Matonge ya Kinshasa. Tangu mwaka 1961 Maison africaine ilipokea wanafunzi wetu upande ule. Utapata pale pondu, makayabu na wasuka nywele. Lakini ni mahali pa biashara zaidi ya mahali pa kulala. Wakongomani wengi unaowakuta pale muchana wanarudi magaribi katika komini zingine. Bruxelles iko nazo 19.

Sasa yaya. Hapa kwetu mugeni analala kwa sebule, na hakuna anayemuuliza kitu. Kule, ukihamia mahali, uko na siku 8 za kazi za kujitambulisha kwa komini. Kisha polisi wa mutaa anapita kuangalia kama kweli unakaa pale: jina kwa kengele, jina kwa bwati ya barua. Asipokuona, makaratasi yanasimama. Bila adresi hakuna kitambulisho, na bila kitambulisho banki na bima ya magonjwa ni mateso.

Na jina lako likiandikwa kwa yaya, hesabu za yaya zinaweza kubadilika. Kama anaishi kwa musaada wa CPAS ao wa wasio na kazi, kiasi anachopewa kinafuata watu wanaokaa naye: anayeishi peke yake anapata zaidi kuliko anayekaa na mwingine. Tena kontra yake na mwenye nyumba inaweza kukataza kuongeza watu. Baba na mama munaosoma gazeti hili, musimwite mutoto wenu muchoyo mbele ya kumuuliza mambo haya. Nimeona jamaa zinaacha kusemeshana juu ya neno moja tu: «Alikataa kupokea ndugu yake.» Mumuulize mbele ya kununua tikiti ya ndege: utamulaza siku ngapi, na jina lake litaandikwa wapi?

Kuna pia biashara mbaya. Mutu anakuambia: «Leta feza kila mwezi, jina lako litakuwa kwangu, wewe ulale kwako.» Kataa. Komini ikigundua, inaweza kufuta jina lako, na barua zako zote za serikali ziko katika mukono wa mutu yule. Mutu wa Kanisa hawezi kuanza maisha mapya kwa adresi ya uongo.

Basi tafuta nyumba yako, hata kama ni kot, ni kusema chumba cha mwanafunzi ambamo mara nyingi jikoni ni ya wote. Tembea kwa miguu, angalia matangazo «À louer» kwa madirisha. Sheria inataka tangazo lionyeshe feza ya nyumba na ya charges. Usitume hata franka moja kwa nyumba ambayo wewe ao mutu wako hajaingia ndani. Yule anayeandika kwamba yuko safari na atakutumia funguo kwa posta, ni mwizi.

Garanti kule haiwekwe katika mufuko wa bayeri. Inafungwa kwa konti ya banki yenye jina lako, na inatoka kwa sinyatiri za ninyi wawili ao kwa neno la muamuzi. Kwa Bruxelles, tangu mwezi wa 11 mwaka 2024, haipite miezi 2. Ukikosa feza ile, Fonds du Logement inaweza kukukopesha.

Kuna siku utapiga simu, watasikia sauti yako, na nyumba itakuwa «imekwisha kuchukuliwa». Itauma. Sheria ya mwaka 1981 inakataza ubaguzi wa rangi, na tangu 2019 serikali ya Bruxelles inaweza kutuma watu wa kujaribu wenye nyumba. Andika tarehe na maneno, upeleke kwa Unia, kisha upige simu ingine. Mutume Paulo, mugeni kwa Roma, alikaa miaka 2 katika nyumba aliyoilipia mwenyewe.

Ukipata, andikeni pamoja état des lieux: kila tundu la musumari, kila kioo chenye ufa. Na uangalie herufi ya PEB, kutoka A mupaka G. Nyumba ya G inaweza kuwa bei ya chini, lakini gazi ya kupasha moto itakula ile yote uliyookoa. Uliza nani analipa shofaji, na uulize mbele ya mwezi wa 10.