Likizo za Ukara

Najua nimepotea, majaribio yalinibana vibaya.

Watu wa hosteli yetu wakisikia kwetu ni kisiwani wanaanza: nazi, pweza, wazungu ufukweni. Jamani, sio visiwa vyote viko Zanzibar! Cha kwetu ni Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, kaskazini mwa Ukerewe. Nimekulia Mwanza ila kila likizo nilipelekwa kwa bibi. Meli hadi Nansio, masaa matatu na zaidi, halafu gari hadi Bugolora, halafu kivuko hadi Bwisya. Unafika hoi, unakula ugali wa muhogo na sato, kesho yake alfajiri unatumwa ukakate majani ya ng'ombe. Likizo gani hiyo hehe.

Ukara ni kadogo halafu watu wamebanana, kila kipande kina mwenyewe. Ng'ombe hana pa kuzurura, kwa hiyo anakaa nyumbani analetewa majani, na samadi yote inarudi shambani. Wazee walifanya hivyo zamani sana, kabla bwana shamba yeyote hajaja kuwafundisha. Siku nimekutana na Ukara kwenye desa la jiografia nilicheka peke yangu maktaba. Kumbe ule mgongo uliokuwa unaniuma ni kilimo cha kuigwa!

Ila ninachokikumbuka zaidi ni dagaa. Wanavuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu, hela inakauka hadi madukani. Giza likirudi ziwa lote linawaka, utadhani kuna mji kule. Asubuhi mnaanika mchangani na kufukuza kuku. Wingu likitanda kila mtu mbio kuanua, hata za jirani, huulizi.

Halafu ikaja tarehe 20 Septemba 2018. Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. MV Nyerere ilikuwa ya kubeba watu 101. Ilipinduka ikiwa imeshakaribia Bwisya, watu wa nchi kavu wanaona, na waliokufa walizidi 220. Mi nilikuwa shule, Mwanza. Bibi hakwenda gulioni, goti lilimsumbua. Mama wa jirani, yule tuliyekuwa tunamwanulia dagaa, alikwenda.

Desemba ile sikupelekwa Ukara. Wala iliyofuata.

Sasa kuna kivuko kipya, kikubwa zaidi, na nimeshapanda mara mbili. Mama hataki hata kusikia. Tatizo ni kwamba wiki hii tunajaza fomu za mazoezi ya kufundisha, na mi nimeandika Ukerewe, Ukara ikiwezekana. Binamu yangu anasoma sekondari huko, ananiambia hesabu wanajifundisha wenyewe. Mwalimu akipangiwa kisiwani anaripoti, halafu anaanza kutafuta uhamisho. Siwalaumu sana, kuvuka kila unapotaka kwenda benki au hospitali kubwa sio mchezo. Lakini kama hata sisi wenye bibi zetu huko tunakwepa, nani ataenda?

Mama kasema, "Kwani mwanangu, shule za Mwanza zimeisha?" Sikuwa na jibu, yeye ndo alikwenda mazikoni, mi sikwenda.

Fomu inarudishwa Ijumaa, na kanikataza kuirudisha kabla hajanipigia tena. Bibi yeye kashaanza kutoa mihogo aliyokuwa kaihifadhi chumbani kwangu.