Rangi ya Sakafu ya Banda la Gari



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaosoma tafakari hizi kila juma,

Leo naomba niwaandikieni juu ya jambo ambalo hatukufundishwa seminarini: namna ya kuchagua rangi na mapambo ya vigae vya sakafu ya banda la gari. Wengi wenu mnajenga au mnakarabati, na baadhi yenu mmeniuliza kwa nini banda la gari la nyumba ya mapadre limewekewa vigae mara mbili ndani ya muda mfupi. Swali hilo ni la haki. Nimechelewa kulijibu kwa sababu jibu lake linaniaibisha.

Banda lile mnalifahamu. Lina upana wa mita 4 na urefu wa mita 6, na mlango mmoja mkubwa unaoelekea ziwani. Siku za juma hulala humo gari la parokia. Jumamosi gari hutolewa nje, mikeka hutandikwa, na watoto wa Komunyo ya Kwanza hufundishwa humo, maana ukumbi bado hatujaujenga. Sakafu ya zamani ilikuwa ya saruji iliyochakaa, yenye vumbi lisilokwisha na madoa ya oili, na watoto walirudi makwao wakiwa wamechafuka. Halmashauri ya Walei ikaamua, kwa nia njema kabisa, kwamba tuweke vigae.

Mjadala wa rangi ulichukua jioni nzima. Wapo waliotaka njano na nyeupe, kwa heshima ya bendera ya Vatikani. Wapo waliotaka nyeusi na nyeupe zikipishana kama ubao wa drafti. Mimi, lazima nikiri, nilikuwa nimekwisha kuchagua moyoni. Nilikuwa nimeona katika ukumbi wa hoteli moja vigae vyeupe vinavyong'aa kama kioo, na nikavitamani. Nilizungumza kwa muda mrefu juu ya usafi na mwanga, na kama mjuavyo, paroko akizungumza kwa muda mrefu, mjadala hufungwa.

Katekista wetu, mzee ambaye ameandika rejesta za ubatizo za parokia hii tangu kabla sijapewa daraja, aliuliza swali moja tu: "Baba, na mvua ikinyesha?" Mtu mmoja akamjibu kwamba banda lina paa. Tukacheka sote. Nami nilicheka.

Tukanunua maboksi 19 ya vigae vya sentimita 60 kwa 60. Boksi moja lina vigae vinne, yaani mita za mraba 1.44, banda lina mita za mraba 24, na fundi huongeza kama sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vipande vya kukatwa na vinavyovunjika. Kazi ilipokwisha, Jumapili ile watu walikuja kutazama, na wengine wakapiga picha. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyejenga kanisa kuu.

Vuli ikaingia. Gari likirudi kutoka vigangoni lilileta matope, na juu ya weupe ule kila tone lilionekana. Matairi yaliyopata joto yaliacha alama nyeusi zisizotoka kwa sabuni, na saruji nyeupe ya viungo ikageuka kuwa ya rangi ya masizi. Mama anayetunza nyumba yetu alipiga magoti kusugua kila jioni, asiseme neno. Vigae viwili vilipasuka chini ya gurudumu la mbele, kwa kuwa fundi aliweka madonge ya saruji kwenye pembe tu na kuacha uwazi katikati, na gari lile huzidi tani 2.

Hayo yote yalikuwa hasara ya mali. Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba gari lilitolewa nje huku mvua ikinyesha, likaacha maji sakafuni. Katekista akaingia akiwa amebeba madaftari ya watoto, akateleza, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikavunjika. Nilipomfikia hospitalini nilisema, "Pole sana, mzee wangu." Akanijibu, "Usijali, Baba. Sakafu ni nzuri. Ni mimi tu niliyevaa ndala."

Ndugu zangu, angenilaumu ningepata nafuu. Yeye alichukua kosa langu akalivalia ndala zake.

Plasta ilikaa mkononi mwake kwa wiki 6. Katika muda huo niliamua sakafu ing'olewe, na kwamba fedha za mara ya pili hazitatoka katika sadaka zenu. Zilitoka katika zawadi mlizonipa nilipotimiza miaka 15 ya upadre. Niliamua pia kwamba safari hii nisiende dukani kabla ya kuwauliza wanaoikanyaga sakafu ile na wanaoisafisha.

Mama wa nyumba alisema, "Baba, nyeupe inaonyesha tope, nyeusi inaonyesha vumbi. Tafuta iliyo katikati." Dereva alisema anahitaji kujua pa kusimama, maana mara mbili alikuwa ameugonga ukuta. Katekista, mkono ukiwa shingoni, alinipeleka nje akanionyesha mawe yaliyo nyuma ya kanisa. Mwanza yetu ni mji wa miamba. Tunalijua Jiwe la Bismarck tangu utotoni, na watoto wetu hupanda mawe kama hayo pekupeku, hata baada ya mvua. "Haya hayatelezi," alisema, "ila yale ya majini yaliyoota ukoko." Nilitazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Jiwe la kwetu si la kijivu tupu. Lina chembe nyeusi, chembe nyeupe, na mahali pengine wekundu hafifu. Vumbi likilikalia, halionekani.

Basi tukatafuta vigae vya namna hiyo: vya kijivu chenye chembechembe, visivyong'aa, vyenye mparuzo kidogo. Dukani niliomba maji, nikamwagia kigae na kukisugua kwa soli ya kiatu. Mwenye duka alinishangaa, lakini ninawashauri mfanye hivyo hivyo. Ombeni pia kigae kimoja cha kwenda nacho nyumbani, mkiweke palepale kitakapokaa, mkitazame asubuhi na jioni, kwa sababu taa za dukani hudanganya. Tulichukua vya sentimita 30 kwa 30. Vigae vidogo vina viungo vingi, na viungo husaidia mguu kushika. Tena hufuata mteremko kwa urahisi.

Kuhusu mapambo, mama mmoja wa WAWATA alinifundisha kwa kanga aliyojitanda. "Baba, kanga ina pindo na mji. Fanya hivyo." Nikakumbuka Bujora, ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga kanisa kwa umbo la nyumba ya msonge ya Wasukuma, wala hakuhitaji kwenda mbali kutafuta uzuri. Basi sakafu yetu ina pindo la kijivu cha mkaa kuzunguka kuta, na mji wa kijivu cha jiwe. Mistari miwili ya rangi ya pindo hupita pale matairi yanapokanyaga, ili alama zao zisionekane. Mbele, sentimita 90 kutoka ukutani, iko safu moja ya njano: hapo gari husimama, na mtu hupata njia ya kupita. Waliotaka rangi ya Vatikani nao wakapata nusu ya ombi lao.

Fundi wa safari hii alipaka gundi chini ya kigae kizima kwa mwiko wenye meno, kisha akagonga kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo, akisikiliza. Kilicholia kama debe tupu aliking'oa. Kwa pima maji aliweka mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mlangoni, maji yatoke yenyewe. Viungo alivijaza kwa saruji ya kijivu. Boksi moja tumelihifadhi stoo kwa siku ya kupasuka.

Sakafu hiyo hakuna aliyekuja kuipiga picha. Watoto hukaa juu yake, gari hulala juu yake, na mama wa nyumba hupiga deki mara moja akaenda kupumzika.

Katekista amerudi kwenye rejesta zake. Majuzi nilizifungua kutafuta cheti cha mtu, nikapita ukurasa hadi ukurasa mwandiko wake ule ulionyooka, hadi nikafika Novemba ile. Kwa wiki kadhaa kuna mwandiko wangu. Kisha wake unaendelea, lakini herufi zinatetemeka kidogo, na nadhani zitatetemeka daima. Kila mtoto aliyebatizwa tangu hapo ameandikwa kwa mkono ule.

Kwa hiyo mnapochagua rangi ya sakafu zenu, na mnapoketi katika vikao vyenu, akitokea mtu wa kuuliza juu ya mvua, nawasihi, msicheke. Mwacheni amalize kuuliza.

Nawatakia juma jema na baraka tele.

Paroko wenu