Kukabidhiana Funguo za Maktaba Yetu



Ndugu wasomaji, wengi wenu mmekwisha kusikia ya kwamba Bi Mkutubi wetu ameziweka chini funguo za maktaba ya madrasa. Waliouliza sababu ni wengi, na aghalabu walijibiwa kwa haraka mlangoni baada ya sala ya Ijumaa, huku mtu anatafuta viatu vyake. Kwa hiyo sisi tunaoshika zamu tumeona bora tulieleze jambo hili kwa utulivu katika kurasa hizi. Hakugombana na mtu wala hakuondolewa. Magoti yake yamechoka na zile ngazi kumi na nane, na binti yake amemwomba akakae naye Leicester. Basi.

Lakini kuondoka kwa mkutubi si sawa na kuondoka kwa mtu anayefagia ukumbi, ijapokuwa huyo naye tunamhitaji sana. Maktaba yetu yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya mkutubi mwingine aliyeondoka. Sheria ya mwaka 1964 inazilazimisha halmashauri za England na Wales zitoe huduma kamili ya maktaba kwa kila anayetaka kuitumia, na sheria hiyo haijafutwa. Hata hivyo, tangu mwaka 2010, bajeti zilipoanza kukatwa kwa nguvu, mamia ya maktaba yamefungwa ama yameachiwa wenyeji wanaojitolea. Katika maktaba moja tuliyokuwa tukienda na watoto palikuwa na rafu moja ya vitabu vya Kiswahili. Mfanyakazi aliyekuwa akiviagiza alistaafu, na nafasi yake haikujazwa. Rafu ikahamishiwa nyuma ya ngazi, pasipopita mtu. Baada ya muda kompyuta ikatoa taarifa kuwa vitabu vile haviaziwmi, na ilikuwa kweli, kwani nani aazime asichokiona? Vikatiwa katika sanduku la kuuzwa kwa senti chache. Bi Mkutubi akavinunua vilivyobaki, akavileta kwa basi katika mifuko miwili ya sokoni, akaomba kabati moja katika chumba cha juu cha madrasa. Leo kabati ni nne.

Ndiyo maana aliposema anaondoka, tulishikwa na hofu. Tulijua rafu hufa vipi.

Alhamdulillah, wamejitokeza vijana wawili, binti na mvulana, wote wazaliwa wa hapa, wote wanafunzi wa chuo. Kwa mwezi mzima walikaa pamoja na Bi Mkutubi kila Jumamosi, yeye akiwaita wanangu na wao wakimwita Bibi, na hapo ndipo tulipoona kuwa kukabidhiana funguo ni kazi ya dakika moja, ama kukabidhiana maktaba ni kazi nyingine.

Jambo la kwanza lilikuwa mpango wa vitabu. Vijana walitaka kufuata mtindo wa Dewey, yule Mmarekani aliyeutoa mpango wake wa namba mwaka 1876 na ambao hadi leo unatumika katika maktaba nyingi za dunia. Katika namba hizo Uislamu una 297, lugha ya Kiswahili imo katika 496.392 na fasihi yake katika 896.392. Bi Mkutubi hakuupinga. Alisema tu kwamba mama anayekuja na mtoto mgongoni hatafuti nukta tatu tisa mbili, anatafuta hadithi. Pia akauliza Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, tafsiri iliyotoka kamili mwaka 1969, itakaa wapi. Kwa hesabu ya Dewey ingekaa rafu ya kati, usawa wa kiuno. Hapo vijana wenyewe wakasema hapana, misahafu na tafsiri zibaki rafu ya juu kabisa, namba itake isitake.

Majina ya waandishi nayo yalileta mjadala ambao sisi tuliufurahia kuliko walivyoufurahia wao. Kwa desturi ya wakutubi wa Kizungu, Muhammad Said Abdulla, aliyetupa Mzimu wa Watu wa Kale na mpelelezi wake Bwana Msa, hutafutwa chini ya Abdulla. Said Ahmed Mohamed hutafutwa chini ya Mohamed. Lakini kwetu jina la mwisho ni la babu, na mtu humwita mwenzake kwa jina lake, si kwa la babu yake. Mzee anayetaka Dunia Mti Mkavu huuliza kitabu cha Said. Kwa hiyo Bi Mkutubi alipanga kwa jina la kwanza, na kwa maoni yetu alikuwa na haki. Shafi Adam Shafi peke yake ndiye hakutusumbua, maana umshike mwanzo umshike mwisho, ni Shafi. Mwishowe vijana wameandika orodha mbili, moja kwa kila desturi, na vitabu vimebaki vilipokuwa.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni daftari. Wote mnalijua: jina la kitabu, jina la mwazimaji, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Lilikaa wazi mezani, na kila aliyekuja kutia sahihi aliweza kufunua kurasa za nyuma akaona nani kachukua nini. Binti yetu alisema wazi kwamba hilo halifai. Alitukumbusha sheria ya mwaka 2018 ya kulinda habari za watu, kisha akasema neno lililotunyamazisha: kwamba kitabu kuhusu haki za mke katika talaka hakijaazimwa hata mara moja, na kwamba yeye mwenyewe amewaona wanawake wakikisoma kwa kusimama, nyuma ya mlango wa kabati, kisha wakakirudisha.

Bi Mkutubi akacheka kidogo. “Mwanangu, hicho mimi nilikuwa nikikitoa bila ya kuandika,” akasema. “Kimetoka mara nyingi, na kila mara kimerudi.”

Hapo tukaelewa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, mama huyu alikuwa akiwasitiri watu kwa miaka bila ya sisi wenzake kujua. Pili, siri hiyo ilikuwa imo kifuani mwake tu, na lau angeondoka bila ya kuulizwa, ingeondoka naye, na yule mwanamke wa baada ya hapo angeambiwa atie sahihi mezani. Tumekubaliana na binti. Sasa kila mwazimaji ana kadi yenye namba, daftari linakaa ndani ya mtoto wa meza, na kitabu kikirudi mstari wake unafutwa kabisa. Wapo watu wazima waliosema kuwa huku ni kuiga ofisi. Sisi tunaona ni sitara, na sitara tumeikuta katika dini kabla ya kuikuta katika sheria ya nchi hii.

Likabaki jambo la tatu, la kupunguza vitabu. Chumba kina unyevunyevu, hasa ukuta wa nje. Kuanzia Novemba mpaka Machi ukungu hushika majalada, na karatasi za vitabu vya zamani vya Dar es Salaam na Nairobi huwa za manjano na kukatika kama kaukau. Vijana wamesogeza kabati mbali na ukuta kwa upana wa mkono ili hewa ipite, jambo ambalo lilikuwa lifanywe zamani. Kisha wakatenga rundo la vitabu vyenye nakala nyingi, wakapendekeza viuzwe siku ya chakula cha Iddi, na fedha zinunue vitabu vya watoto. Wazo zuri. Lakini walipofungua majalada wakakuta katika baadhi yake maandishi ya mkono: wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na jina la mtoaji, na wengine wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Watu wa pwani wamekuwa wakiandika hivyo katika vitabu tangu zama za miswada ya mkono, na neno hilo si pambo. Wakfu hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi, na madhehebu yetu ya Kishafii ni makali katika hilo. Mvulana hakuwa akijua, akauliza kwa adabu kama kitabu kisichosomwa na mtu kwa miaka bado kinamfaa aliyekitoa. Swali hilo hatukutaka kulijibu kwa akili zetu, tukalipeleka kwa sheikh. Alituongoza tusiuze. Nakala za ziada zenye maandishi hayo zikae katika madrasa nyingine zitakakosomwa, zikiwa bado ni wakfu, na sisi tuandike ziliko. Zile zisizo na maandishi ni mali ya maktaba na tunaweza kuziuza. Vijana wamekwisha kuzitenga, na pesa zitakazopatikana zitaanza na vitabu vya picha vya Kiswahili, vikiwemo vile vya Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Tanzania mwaka 1991, ambavyo bado tunavitafuta kwa kila msafiri. Mwenye nafasi katika sanduku lake tafadhali atujulishe kabla ya kupanda ndege, si baada ya kurudi.

Watoto wenyewe, tuseme kweli, hukimbilia kabati la Kiingereza. Hatuwakatazi. Bi Mkutubi alikuwa na ada moja: anayechukua viwili vya Kiingereza huchukua na kimoja cha Kiswahili, na kikirudi humsimulia yeye kilichomo. Wengine walikuwa wakisimulia picha tu, naye akisikiliza mpaka mwisho. Binti ameikubali ada hiyo, ila anasema Kiswahili chake hakimtoshi kumsahihisha mtoto. Pia mwaka 2022 ilitoka Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Nobeli wa mwaka 2021, na tunayo nakala moja ambayo wanaopokezana ni wazazi. Vijana wao wanaisoma kwa Kiingereza. Nyumba moja wanasoma zote mbili kwa zamu na kubishana mezani, na habari hiyo ilimfurahisha Bi Mkutubi kuliko saa tuliyompa siku ya kumuaga.

Sasa zamu zimekaa hivi. Jumamosi baada ya madrasa wapo vijana wawili. Jumapili asubuhi tupo sisi. Jumatano jioni, ambayo ilikuwa siku yake, haina mtu, na maktaba itafungwa siku hiyo mpaka apatikane. Tunamtafuta mama au baba anayejua Kiswahili vizuri, mwenye saa mbili, na anayeweza kumsikiliza mtoto akisimulia. Kupanda ngazi tutamsaidia. Funguo zipo kwa mwalimu wa madrasa.

Wabillahi tawfiq.