Vipande Tulivyovitupa

Nilipoanza kazi katika maabara ya miamba, nilifurahia namba kubwa. Tulikata graniti kuwa vipande vya mviringo vyenye kipenyo cha milimita 25, tukasugua ncha zake mpaka zikawa bapa, tukaviweka kwenye mashine ya kuminya. Kipande kilikaa kimya huku mshale ukipanda, kisha kikapasuka ghafla kama risasi. Niliandika namba nikiwa nimeridhika.

Siku moja fundi mmoja, mzee aliyezeeka katika kuchoronga, alivuta sanduku la mawe lililokuwa chini ya meza. "Mwanangu, na haya je?"

"Hayo yalivunjika tulipoyakata, mzee. Yameharibika."

"Hayajaharibika. Huo ndio mlima wenyewe. Wewe unapima yaliyosalimika tu."

Maneno yale yalinichoma. Ili tuupime mlima pamoja na nyufa zake, tukakata vipande vya milimita 50 na 100 kutoka bonge lilelile, kila kimoja urefu wake ukiwa mara 2.5 ya kipenyo. Kile kikubwa kilianza kulia mapema, kama bisi kikaangoni. Vumbi jembamba likachuruzika kwenye ufa, kikameguka pembeni kidogo kidogo, ndipo kikashindwa. Tulipogawa mzigo kwa eneo lake, kilikuwa dhaifu kuliko vile vidogo. Jiwe likiwa kubwa, hubeba nyufa nyingi zaidi, na huenda ufa mbaya kuliko yote umo ndani yake.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1980 watafiti wa miamba Hoek na Brown walikusanya vipimo vya wengi, wakatoa kanuni: kwa kanuni hiyo, kipande cha milimita 25 huonyesha nguvu iliyozidi ya kile cha 50 kwa takriban asilimia 13. Nikasoma pia habari za mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, ambako Januari 1960 nguzo za makaa ya mawe zilizobeba paa ziliporomoka zikafukia wachimbaji zaidi ya 430. Baada ya msiba huo, mtafiti Bieniawski alipima makaa ya mawe yakiwa bado chini ya ardhi kwa vipande vikubwa, akaona nguvu ikishuka hadi kwenye mchemraba wenye upande wa karibu mita 1.5, kisha ikatulia.

Tangu hapo siandiki namba bila kipimo cha jiwe, wala bila idadi ya vipande vilivyovunjika. Nawe kijana unayesanifu nguzo ya mgodi, kabla hujaiamini namba ya maabara, uliza jiwe lilikuwa na ukubwa gani. Chini ya nguzo hiyo watapita watu.